Hati za mali, mirathi, wakfu au madaftari ya uhuru: pa kuanzia katika Nyaraka za Zanzibar

Mtu anayeingia chumba cha kusomea cha Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani, mara nyingi huwa amekuja na kimoja kati ya vitu viwili: jina la mzee wake aliyefariki zamani, au nyumba. Jina huwa halijakamilika, pengine ni la kuitwa tu na si la kuandikwa. Nyumba nayo pengine imebadilika mikono mara tano, au umebaki ukuta mmoja. Anachokikuta mbele yake si kitabu kimoja cha historia ya mji bali orodha za majalada zilizopangwa kwa herufi, AA, AB, AM, HC, HD na nyinginezo, na kila fungu lina tabia yake, lugha yake na upofu wake. Asiyejua tofauti zao huagiza jalada la kwanza lililomvutia kwa kichwa chake, akalisoma siku mbili, akaondoka akiamini kwamba wazee wake hawakuandikwa popote. Nimewaona wengi wakiondoka hivyo na inaniuma, kwa sababu mara nyingi jina walilolitafuta limelala katika fungu la jirani.

Kigezo changu cha kuchagua ni swali moja ambalo humwuliza kila anayeniomba msaada, kabla hatujagusa orodha yoyote: katika uhai wa mtu huyu, nani alikuwa na haja ya kuliandika jina lake, na haja hiyo ilitokana na nini? Mdai aliliandika jina la mdaiwa wake ili asije akadhulumiwa. Kadhi aliandika majina ya warithi ili agawe mafungu. Serikali iliandika jina la mtumwa kwa sababu ilikuwa ikimlipa bwana wake fidia. Kamisheni ya Wakfu iliandika jina la mkaaji kwa sababu ya kodi. Ukishajua mzee wako alisimama wapi katika shughuli hizi, utajua ni fungu gani la kuanzia, na ni fungu gani ambalo hata ukilisoma ukurasa kwa ukurasa halitamtaja.

Hati za mauzo na madeni

Fungu la AM, lenye madaftari ya hati za mauzo, rehani na madeni, ndilo linalowavutia wengi, na wana sababu. Uchumi wa Zanzibar wa karne ya 19 uliendeshwa kwa mkopo: mfanyabiashara wa Kihindi alitoa fedha, mwenye shamba la mikarafuu au kiongozi wa msafara wa bara alizichukua, na baina yao ikaandikwa hati ya Kiarabu mbele ya mashahidi. Kwa kuwa Wahindi wengi walihesabiwa kuwa raia wa Kiingereza, walikuwa na sababu ya kuzipeleka hati zao ubalozini zikaandikishwe, ili deni likikataliwa wapate pa kushitaki.

Ukurasa mmoja wa madaftari haya, ukiusoma polepole, una mambo mengi kuliko unavyoonekana. Kuna tarehe ya Kiislamu, tuseme Rajab 1305, ambayo inaangukia Machi na Aprili 1888. Kuna jina la anayeuza, la baba yake, pengine na la babu yake, kisha kabila lake. Jina la anayenunua. Mahali ilipo mali. Bei kwa riali au kwa rupia. Halafu mipaka minne. Mipaka hiyo haikupimwa kwa futi, imeelezwa kwa majirani: upande wa kibla, ambao kwa Unguja ni kaskazini, shamba la fulani; upande wa kusini nyumba ya warithi wa fulani; na hivyo hivyo mashariki na magharibi. Hapa ndipo penye hazina ambayo msomaji mwenye haraka huiruka. Mzee ambaye hakuwahi kukopa wala kuuza anaweza kuwa ametajwa mara tatu katika hati za watu wengine, kama mpaka wao. Faharasa haitamwonyesha, maana hutaja wenye mkataba tu. Kwa hiyo anayetafuta kiwanja cha Mji Mkongwe au shamba la Pemba asiridhike na kutafuta jina la mwenyewe. Atafute hati za waliompakana.

Lipo pia shimo ambalo wengi hutumbukia, nalo ni neno "ameuza". Kwa kuwa riba ni haramu, mikopo mingi iliandikwa kwa sura ya mauzo, yaani bei ya khiyari: mkopaji "humwuzia" mkopeshaji nyumba au shamba kwa kiasi fulani cha fedha, akabaki na khiyari ya kuzirudisha fedha hizo ndani ya muda uliowekwa na kurejeshewa mali yake, na mara nyingi muda huo wote yeye mwenyewe huendelea kukaa humo humo akilipa kodi. Niliwahi kukaa na kijana aliyekuwa na hakika kwamba baba wa babu yake aliuza shamba la familia kwa bei ya kutupa, na nyumbani kwao lawama hiyo ilikuwa imerithiwa kama mali. Tulipoisoma hati neno kwa neno tulikuta khiyari, tukakuta muda, tukakuta na kodi ya kila mwaka. Mzee hakuuza, alikopa. Kama alilirudisha deni lile au alilipoteza shamba mwishoni, hilo lilihitaji hati nyingine, lakini lile la kwanza lilikuwa si kweli.

Udhaifu wa hati ni kwamba zinawajua wenye mali na wenye madeni. Wamo walioachwa huru ambao walinunua na kukopa, nao mara nyingi hutambulishwa kwa jina la bwana aliyewaacha huru mahali ambapo mwingine angetajiwa baba, lakini mchukuzi wa bandarini, mchuuzi wa samaki na mchumaji wa karafuu hawamo. Udhaifu wa pili ni wa upande wa mwisho wa mnyororo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilifanywa mali ya serikali, mashamba yakagawiwa kwa ekari tatu tatu na nyumba nyingi za mjini zikachukuliwa, kwa hiyo anayetumaini kuifuata nyumba hati kwa hati mpaka leo atakuta uzi umekatika hapo, na itambidi aendelee katika ofisi za ardhi za sasa, si Kilimani.

Mahakama: mahali watu wanaposema

Kama ningelazimishwa kuchagua fungu moja tu kwa ajili ya historia ya ukoo, nisingechagua hati. Ningechagua HC, majalada ya mahakama, na ndani yake kesi za mirathi. Hati inakuonyesha mtu katika siku moja ya maisha yake, akiwa na mtu mmoja anayefanya naye biashara. Mirathi inakuonyesha nyumba nzima kwa pamoja, wake, watoto wa wake na watoto wa masuria, ndugu waliobaki Uarabuni au Ngazija, madeni, vyombo, na ugomvi. Watu wasioelewana huelezana nasaba kwa undani ambao wanaopendana hawana haja nao. Shahidi huulizwa: ulimjuaje marehemu, alikuja Unguja lini, mama yake alikuwa nani, ulihudhuria harusi? Majibu hayo ndiyo tarikhi ya ukoo wenyewe.

Ila lazima ujue mtu wako alikuwa chini ya mahakama ipi. Tangu mwaka 1866 raia wa Kiingereza, na ndani yao Wahindi wengi wa Zanzibar, walikuwa chini ya mahakama ya ubalozi wa Kiingereza, na rufaa zao zilikwenda Bombay. Raia wa Sultani walikwenda kwa makadhi, wa Kiibadhi na wa Kisunni, na baadaye, chini ya himaya ya Kiingereza iliyoanza 1890, mahakama za Sultani na za Kiingereza zikazidi kufungamana. Kwa hiyo jina la Khoja au Bohora, Waislamu wa Kihindi, hutafutwa mahali tofauti na jina la Mmanga, yaani Mwarabu wa Omani, au la Mhadimu, mwenyeji wa Unguja, hata kama waliishi mtaa mmoja na kudaiana wenyewe kwa wenyewe. Kesi iliyokuwa na pande mbili za uraia mbalimbali huhitaji kutafutwa pande zote.

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu suala la lugha ndilo linaloamua kama utafaidika na fungu hili au la. Hukumu ya kadhi huwa ya Kiarabu. Mwenendo wa kesi katika mahakama za Kiingereza umeandikwa kwa Kiingereza. Lakini shahidi mwenyewe, mara nyingi, alisema Kiswahili, na mkalimani akayageuza maneno yake papo hapo. Unachokisoma basi ni Kiingereza ambacho chini yake kuna Kiswahili kilichofukiwa, na kazi yako ni kukifukua. Shahidi akiandikwa kwamba marehemu alikuwa kaka yake, usichore mstari wa damu mara moja: huenda alisema "ndugu", na ndugu anaweza kuwa mtoto wa ami, wa mama mdogo, au mtu wa nchi moja. Palipoandikwa "mtumishi mwenzangu" pengine alisema "mjoli wangu". Wajoli walikuwa watumwa wa bwana mmoja, na ujoli ulikuwa undugu wenye haki na heshima zake, uliowashika watu kwa miaka mingi hata baada ya utumwa kwisha. "Mtoto wa nyumbani" si lazima awe mtoto wa kuzaa. Mzungumzaji wa Kiswahili ana faida hapa ambayo mtafiti mgeni, hata awe hodari vipi, huipata kwa taabu. Asiiache ikapotea kwa kuyaamini maneno ya mkalimani kama yalivyo.

Kesi zenye uzito zaidi kwa wazao wa watumwa ni zile za walaa. Kwa fikihi ya Shafi, mtumwa aliyeachwa huru akifa bila jamaa wa nasaba wa kumrithi, aliyemwacha huru, au jamaa zake wa upande wa kiume, ndiye mrithi. Kwa hiyo palipofariki mzee aliyekuwa na kibanda na fedha kidogo, wajukuu wa bwana wa zamani waliweza kujitokeza kudai, na mjane au watoto wakalazimika kuthibitisha ndoa na uzazi wao mbele ya kadhi. Ni habari za kuumiza. Lakini ndani yake mna majina ya watu ambao hakuna hati ya shamba iliyowahi kuwataja, na mna sauti zao wakijitetea.

Hasara ya HC ni muda. Jalada moja la mirathi linaweza kukumeza siku nzima, tahajia za majina hubadilika kutoka karani mmoja hadi mwingine, na faharasa hufuata wenye kesi, si mashahidi. Mirathi ya masikini iliyogawiwa msikitini au barazani kwa maelewano haikufika mahakamani kabisa.

Wakfu: kwa wanaotafuta nyumba kuliko ukoo

Aliyekuja na nyumba, hasa nyumba ya Mji Mkongwe au kiwanja cha Ng'ambo, yaani upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, aanze na HD, majalada ya Kamisheni ya Wakfu iliyoundwa mwaka 1905. Sababu ni ya kimaisha: mali iliyowekwa wakfu haiuzwi, kwa hiyo haizai hati mpya za mauzo, na anayeitafuta katika AM atakutana na kimya kirefu ambacho atakifasiri vibaya. Wakati huohuo, kwa kuwa Kamisheni ilibidi iitengeneze, iipangishe na iitolee hesabu, nyumba hiyo hiyo huwa na jalada lake la barua mwaka baada ya mwaka: paa linavuja, boriti zimeliwa na mchwa, mpangaji hajalipa, wanufaika wanagombana.

Waraka wenyewe wa wakfu, ukipatikana, ni kati ya maandishi yenye utu kuliko yote yaliyomo Kilimani. Mwenye kuweka wakfu anataja kwa majina wale anaotaka wasikose pa kulala baada yake: watoto wake, wajukuu, na mara nyingi mahuru wake, yaani watumwa aliowaacha huru, pamoja na vizazi vyao. Kwa mtu ambaye bibi yake alikuwa "mtu wa nyumba ya fulani", na familia ikanyamaza hapo kwa aibu au kwa heshima, orodha ya wanufaika wa wakfu inaweza kuwa ndiyo karatasi ya kwanza kumwandika bibi huyo kwa jina lake. Wanawake nao waliweka wakfu misikiti, visima na nyumba, na wengine wao walikuwa masuria au mahuru. Ukiwatafuta katika madaftari ya biashara utawapata wachache sana, lakini katika wakfu wamesimama wenyewe.

Kuhusu Ng'ambo kuna jambo la kuelewa kabla hujaanza. Huko aliyekuwa na nyumba na aliyekuwa na ardhi walikuwa watu wawili. Mkaaji alijenga kibanda chake cha udongo na makuti juu ya kiwanja cha mwingine, awe mtu binafsi au wakfu, akalipa kodi ya kiwanja. Ukitafuta hati ya ardhi utampata mwenye ardhi na utampoteza babu yako. Kodi hizo zilipopanda, wakaazi wa Ng'ambo waligoma kuzilipa mwaka 1928, na mgomo huo uliacha karatasi nyingi, katika majalada ya wakfu na katika yale ya sekretarieti (fungu la AB), kwa sababu serikali inapoingiwa na hofu huandika sana. Mwenye mzee wa Ng'ambo wa miaka ya 1920 ana bahati ya pekee hapo.

Madaftari ya uhuru

Hili ni fungu dogo kwa kimo na zito kuliko yote kwa wanaolihitaji. Ndani ya AA, nyaraka za ubalozi wa Kiingereza ulioanzishwa Zanzibar mwaka 1841 na Atkins Hamerton, mna orodha za watumwa walioachwa huru ubalozini. Mashuhuri zaidi ni zile za wakati wa Christopher Rigby, konseli wa miaka ya 1858 hadi 1861, ambaye aliwalazimisha Wahindi waliohesabiwa raia wa Kiingereza kuwaacha huru watumwa wao, na maelfu wakaandikwa huru. Kila mstari ni mtu: jina, umri wa kukisia, kabila, na jina la aliyekuwa akimmiliki. Mabruki, Feruzi, Baraka. Myao, Mnyasa, Mzaramo. Ukikaa na ukurasa mmoja wa orodha hizi kwa muda utaona kwamba safu ya bwana imejaa majina matatu matatu na safu ya mtumwa ina jina moja, tena jina alilopewa na huyo huyo bwana. Jina alilopewa na mama yake halimo.

Baadaye zikaja amri za masultani. Ya Agosti 1890, chini ya Sultani Ali bin Said, ilipiga marufuku kuuzwa kwa watumwa na kumpa mtumwa njia ya kujikomboa. Ya Aprili 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed, iliondoa nguvu ya kisheria ya utumwa katika Unguja na Pemba, lakini kwa masharti: mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mahakamani mwenyewe na kuuomba, akionyesha pa kukaa na njia ya kujitafutia riziki, na bwana akalipwa fidia. Masuria hawakuingizwa katika uhuru huo kama wengine hadi amri ya 1909. Masharti haya ndiyo yaliyoumba karatasi zenyewe, na ndiyo yanayoeleza mapengo yake. Wengi hawakwenda mahakamani. Waliondoka tu, walihamia mjini, walipatana na bwana wao kwa maneno, au waliendelea kukaa shambani kwa masharti mapya. Kwa hiyo jina kukosekana katika madaftari ya uhuru si ushahidi kwamba mzee wako hakuwahi kuwa mtumwa, wala jina kufanana na lililomo si ushahidi kwamba ndiye. Mabruki walikuwa wengi. Linganisha umri, jina la bwana na mahali, na kama huna walau viwili kati ya hivi, usiandike kitu katika shajara ya ukoo.

Ambao wazee wao walitwaliwa na manowari za Kiingereza kutoka majahazini baharini, hasa miaka ya kufungwa kwa soko la watumwa la Mkunazini mwaka 1873, wana njia ya pembeni. Baadhi ya watu hao walikabidhiwa kwa wamisionari, wakawekwa Mbweni chini ya misheni ya Kianglikana. Wengine walipelekwa Bagamoyo kwa mapadre wa Kikatoliki, au Freretown karibu na Mombasa. Kwa hao madaftari ya ubatizo na ya ndoa ya makanisa yana habari nyingi kuliko jalada lolote la serikali.

Yaliyobaki, kwa ufupi

AB, majalada ya sekretarieti ya serikali ya himaya, ni makubwa mno na yamepigwa chapa kwa Kiingereza kilicho rahisi kusoma, na kwa sababu hiyo wengi huyapenda. Yanafaa sana kwa historia ya skuli, hospitali, masoko, maji, barabara na siasa. Kwa ukoo hayafai kuwa ya kwanza, isipokuwa mzee wako alikuwa mtumishi wa serikali, mwalimu, askari, au mtu aliyepeleka malalamiko. Maombi na malalamiko ya raia hubandikwa ndani ya majalada haya pamoja na maoni ya maofisa walioyapitia, na ukubwa wa fungu hufanya kuyapata kuwe kazi ya subira.

Gazeti la Serikali, lililoanza 1892, lina matangazo ya mirathi, minada na uteuzi. Mimi hulitumia kama faharasa: tangazo moja la mirathi hukupa mwaka wa kifo, na mwaka huo hukufungulia HC. Samachar, lililoanza 1903 na kuandikwa kwa Kigujarati, lafaa kwa familia za Kihindi. Al-Falaq la 1929 na Mwongozi la 1942 kwa siasa na maisha ya Waarabu wa visiwani na wasomi wa zama zile.

Hati za mkono za Kiarabu, mkusanyo ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003, ni fahari ya Zanzibar, lakini anayetafuta ukoo asizianzie. Ni vitabu vya fikihi, tiba, falaki na mashairi. Faida yake kwa ukoo hutokea ikiwa mzee alikuwa mwanachuoni au mwandishi, kwani mwisho wa kitabu mwenye kunakili huandika jina lake na siku aliyomaliza.

Waliosoma takwimu za sensa za himaya nao wawe waangalifu na safu ya kabila. Kati ya sensa ya 1924 na ya 1931 waliojiita Waswahili walipungua mno, si kwa sababu walikufa bali kwa sababu watu wale wale walijitaja kwa majina mengine, na jambo hilo hilo hutokea katika majalada ya mahakama: mtu aliyeandikwa Mnyasa akiwa kijana anaweza kuandikwa Mswahili akiwa mtu mzima na Mshirazi katika mirathi yake. Ni mtu mmoja.

Kwa walio mbali, wa Muscat, London au Toronto, upo unafuu kwa fungu moja tu. Barua ambazo makonseli waliziandika kwenda Uingereza zimehifadhiwa pia katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, hasa katika mafungu ya FO 54 na FO 84 kwa karne ya 19 na CO 618 kwa enzi ya Wizara ya Makoloni. Anayeishi karibu na Kew anaweza kuokoa nauli ikiwa anatafuta siasa, biashara au habari za ubalozi. Ikiwa anatafuta mirathi, wakfu au hati ya shamba, nauli ya Zanzibar haiepukiki, kwa sababu hizo ziliandikwa hapa kwa ajili ya watu wa hapa na hazikuwa na sababu ya kusafiri.

Sasa uchaguzi wenyewe. Mwenye jina la mzee aliyekuwa na mali kabla ya 1914: anza na mirathi katika HC, halafu ndipo uende AM ukiwa na majina ya warithi na ya majirani mkononi. Kinyume chake, yaani AM kwanza, huwezekana lakini hukutesa, maana utasoma hati za watu wenye majina yanayofanana bila cha kuwatofautishia. Mwenye nyumba ya Mji Mkongwe: HD kwanza, na ikiwa si wakfu, AM. Mwenye mzee wa Ng'ambo: HD na majalada ya mgomo wa kodi ndani ya AB. Mwenye bibi ambaye familia inamtaja kwa jina moja tu na kwa nyumba aliyotoka: tafuta kwanza wakfu na mirathi ya nyumba hiyo, si jina la bibi, kisha ndipo ufungue madaftari ya uhuru. Mwenye ukoo wa Kihindi: mahakama ya ubalozi ndani ya nyaraka za kabla ya himaya, pamoja na Samachar.

Na mwenye asubuhi moja tu, kwa kuwa wapo wanaopita Unguja kwa siku mbili za likizo, asiagize madaftari makubwa. Aandike nyumbani, kabla ya safari, jina kamili kadiri anavyolijua, mahali, dini na madhehebu, na mwaka wa kifo hata kwa kukisia, kwa Hijria na kwa Miladia. Aje na penseli. Aombe Gazeti la Serikali la miaka mitatu inayozunguka mwaka huo, apitie matangazo ya mirathi, na akilipata jina aombe jalada moja tu la HC. Akilifungua, asianze na hukumu. Aanze na ushahidi wa shahidi wa kwanza, pale alipoulizwa alimjuaje marehemu.